Kutimiza miaka 18 hakufuti faili la mtoto

Wengi huamini kwamba huko Marekani, mtoto aliyewahi kufikishwa mahakamani akitimiza miaka 18, kompyuta humfutia kila kitu. Sivyo. Kila jimbo lina sheria yake: kwingine kumbukumbu hufungwa zenyewe, kwingine mhusika lazima aombe mahakamani, na makosa mazito mara nyingi hayaguswi. Tena kufunga si kufuta. Faili lililofungwa bado lipo, ila wanaoruhusiwa kuliona wamepunguzwa.

Kazi ngumu iko kwenye data. Kesi moja huacha taarifa kwa polisi, mwendesha mashtaka, mahakama, maofisa wa probesheni, mahabusu ya watoto, na alama za vidole zinaweza kufika hadi FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani. Kanzidata hizi mara nyingi hazisomani. Amri ya jaji ya kufunga au kufuta faili ikitoka, kila ofisi humsaka mtoto yuleyule kwenye mfumo wake, pengine jina limeandikwa vingine (na majina ya wahamiaji ndiyo huteseka zaidi). Kampuni binafsi inayochunguza historia za watu ikiwa ilishanakili taarifa mapema, nakala hiyo inaweza kubaki. Hata anayeomba kujiunga na jeshi la nchi hiyo huulizwa kuhusu kesi zilizofungwa.