Wastani wa mshahara kwa saa ukipanda, uliza nani kaongezewa

Ukimuuliza mtu wa Mbeya au Iringa analipwa kiasi gani, atakutajia mshahara wa mwezi. Saa haitaji. Ndiyo maana wastani wa mshahara kwa saa katika sekta binafsi, kipimo ambacho wachumi hukifuatilia kwa karibu, haujazoeleka kwetu. Hata hivyo amri ya kima cha chini cha mshahara hutaja viwango vya saa. Katika amri iliyoanza kutumika Januari 2023, mfanyakazi wa kilimo aliwekewa shilingi 140,000 kwa mwezi, yaani kama 718 kwa saa.

Hesabu hiyo inatokana na saa 45 za kawaida kwa wiki kisheria, ambazo kwa mwezi hufika 195. Sasa chukua mfano wa wauzaji wawili wa duka pale Mwanjelwa, kila mmoja anapokea 234,000. Wa kwanza anafanya saa 45 kwa wiki. Saa yake moja ni shilingi 1,200. Mwenzake anafungua duka saa moja asubuhi na kufunga saa moja jioni, siku sita. Hizo ni saa 72 kwa wiki, 312 kwa mwezi, na saa yake imeshuka hadi 750. Ukitazama mwezi wako sawa, kumbe hawako sawa hata kidogo. Tena sheria inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu.

Kupata wastani wa sekta nzima, unajumlisha mishahara yote iliyolipwa na kuigawa kwa saa zote zilizolipwa. Marekani hutoa takwimu hiyo kila mwezi pamoja na idadi ya ajira, na benki kuu yao huiangalia kwa sababu mishahara ikikimbia kuliko tija, waajiri huishia kupandisha bei.

Lakini namba hii ina mtego, na hapa naomba tukae kidogo. Aprili 2020, korona ilipofunga biashara, Marekani ilipoteza ajira zaidi ya milioni 20 kwa mwezi mmoja. Mwezi huohuo wastani wa mshahara kwa saa uliruka kwa dola 1.34 na kufika dola 30.01. Hakukuwa na neema yoyote. Waliofukuzwa wengi walikuwa wahudumu wa hoteli, migahawa na maduka, watu wa mshahara mdogo. Walipotoka kwenye hesabu, wakabaki wa mishahara mikubwa.

Jambo hilo linaweza kutokea Mafinga. Tuseme kiwanda cha mbao kina vibarua 20 wa shilingi 1,000 kwa saa na mafundi mashine watano wa shilingi 3,000, wote wakifanya saa sawa. Wastani ni 1,400. Magogo yakiadimika, vibarua 15 wakaambiwa wasubiri nyumbani, wastani unapanda hadi 2,000. Hakuna aliyeongezewa hata senti, na familia 15 hazina kipato. Kwa hiyo namba hii isisomwe kamwe bila idadi ya walioajiriwa na saa walizofanya. Mfumuko wa bei nao uwekwe pembeni yake: nyongeza ya asilimia 3 bei zikipanda asilimia 3 haimwongezei mtu debe la mahindi.

Kwetu kuna ugumu mwingine. Mchuma chai wa Mufindi anayelipwa kwa kilo hana saa zilizoandikwa popote. Siku za baridi kali majani yakikua polepole, anazunguka shambani muda uleule na kikapu hakijai. Mkulima wa viazi wa Njombe au wa mpunga wa Mbarali anayejilimia mwenyewe hayumo kabisa, kwa kuwa hana mwajiri. Kipimo hiki kinawahusu wenye mishahara tu, na kisitumike kusema hali ya maisha ya mkoa mzima.

Kwa waajiri, ombi langu ni dogo: andikeni saa ya kuingia na ya kutoka, hata kwa kibarua wa siku moja na hata kwa anayelipwa kwa kilo. Nawe mfanyakazi, gawa mshahara wako kwa saa ulizofanya kweli mwezi huu, si zile za kwenye mkataba.