Dirisha la plastiki halisafishwi kama kioo

Wengi wenye magari ya paa la turubai la kukunjwa huamini kwamba dirisha la nyuma husafishwa kama kioo chochote: nyunyiza dawa ya vioo, futa kwa kitambaa kikavu. Imani hiyo inaeleweka, kwani dirisha likiwa jipya hung'aa sawasawa na kioo.

Lakini katika magari mengi, hasa ya zamani, dirisha hilo ni plastiki laini ya PVC. Ulaini wake hutokana na viambato vilivyochanganywa ndani yake, navyo hupungua polepole kwa jua na joto. Dawa nyingi za vioo zina amonia au alkoholi, zinazoweza kuikausha plastiki na kuitia ukungu. Hata hivyo, kwa maoni yangu adui mkubwa zaidi ni kile kitambaa kikavu: vumbi lililo juu huwa kama msasa.

Bonyeza dirisha kwa kidole. Likibonyea, ni plastiki. Soma lebo ya dawa yako uone kama ina amonia au alkoholi. Mwagia maji mengi kwanza vumbi litoke, ndipo utumie sabuni laini ya kuoshea gari na kitambaa laini kilicholowa. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukinasa, huenda polishi ya plastiki isiuondoe. Na kwenye baridi kali usikunje paa, maana plastiki hukakamaa na kupasuka penye mkunjo.

Turubai nalo linyunyizie maji. Yakisimama matone, kinga ingalipo. Yakinywewa, lisafishe, likauke, kisha lipake dawa ya kuzuia maji.