Mkopo wa chuo huanzia kwenye vyeti

Mzazi akinijia kuuliza mwanawe atapataje mkopo wa chuo kikuu, huwa namwuliza kwanza vyeti viko wapi. Kazi yangu ni kuwaelekeza waombaji wa mikopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania, na inaniuma kuona mtoto mwenye shida ya kweli akipangiwa kidogo, au akikosa kabisa, kwa sababu shida hiyo haikuwa na karatasi.

Bodi haijui nyumbani kwenu. Inasoma fomu na viambatisho, basi. Yatima asiyeambatisha cheti cha kifo cha baba, kwenye mfumo baba yake yu hai. Barua ya mwenyekiti wa kijiji haizibi pengo hilo. Kinachotakiwa ni cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, au na ZCSRA, wakala kama huo kwa walio Zanzibar. Kama msiba ulitokea zamani na hakuna aliyeuandikisha, anzeni kufuatilia mtoto akiwa kidato cha tano. Mkisubiri matokeo ya kidato cha sita, mtajikuta mnakimbizana na dirisha la maombi.

Angalieni na majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanaidi Juma, cha kidato cha nne Mwanahidi J. Hamisi: hao kwa Bodi ni watu wawili. Na aliyerudia mtihani ana namba mbili za kidato cha nne; aombee mkopo kwa ileile aliyoombea chuo.

Aliyepangiwa pungufu asikae kimya. Dirisha la rufaa likifunguliwa, apeleke ushahidi ambao haukuwamo mwanzoni. Kurudia maelezo yaleyale hakusaidii.

Halafu kuna boom, yaani fedha ya kujikimu chuoni. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, yaani 300,000 kwa siku 30, na yote ni deni. Nafuu kubwa ilikuja 2021, ilipofutwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikilivimbisha deni hilo. Mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kulilipa: mwenye 800,000 anaachia 120,000 kila mwezi, na deni la milioni 10.8 litamchukua miezi 90. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye nyumbani wanaweza kumtumia hela ya chumba, namshauri asiombe kipengele chote cha chakula na malazi. Mhitimu aliyejiajiri hana wa kumkata. Achukue mwenyewe namba ya malipo kutoka Bodi na aanze kupunguza, hata kidogo kidogo.