Taa yako inamulika wapi?

Usiku ukiwa umetulia, simama hatua ishirini kutoka kwenye taa yoyote ya nje, iwe ya ukutani au ya barabarani. Nyoosha mkono, ufunike balbu yake kwa kiganja. Ukianza kuona vitu ambavyo hukuviona mwanzo, labda ngazi, mtaro ulio wazi, au mtu aliyesimama kando ya ukuta, basi taa hiyo imefungwa vibaya. Mwanga wake ulikuwa unakupiga machoni badala ya kushuka chini. Mboni ilibana, na kila kilichokuwa nyuma ya taa kikamezwa na giza.

Mwanga uliokosea njia ndio unaoitwa uchafuzi wa mwanga. Sehemu yake huishia machoni pa wapita njia, sehemu huingia dirishani kwa jirani, na sehemu hupanda juu, ikagonga molekuli za hewa, vumbi na mvuke, ikarudi chini kama utando wa kijivu au wa rangi ya chungwa uliotanda juu ya mji. Utando huo ndio unaozificha nyota. Mwanga unaosafiri mbali zaidi si ule unaokwenda juu wima, bali ule unaotoka kwenye taa karibu sambamba na ardhi, kwa kuwa hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutoka angani. Ndiyo maana taa ya ukutani iliyoinuliwa kidogo tu huchafua anga hadi vijiji vya mbali.

Ramani ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na taa, na zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota unaokatiza anga, kutoka wanakoishi. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya hesabu za nyota zilizofanywa na watu wa kawaida kati ya 2011 na 2022: anga lilikuwa linazidi kung'aa kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka. Kwa kasi hiyo mng'ao unakuwa maradufu kabla ya miaka minane kutimia. Setilaiti zilikuwa zimeonyesha ongezeko dogo kuliko hilo, na sababu inaeleweka: vipimo vyake havikuuona vizuri mwanga wa buluu, wala ule unaokwenda kando, na taa nyeupe za LED zilizoenea miaka hiyo zina buluu nyingi.

Buluu ina tatizo lake. Hewa hutawanya mawimbi mafupi ya mwanga kuliko marefu, na ndiyo sababu mchana anga ni la buluu. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450, ambao ndio kilele cha buluu ndani ya LED nyeupe, hutawanywa na hewa safi takriban mara tatu zaidi ya ule wa manjano wa nanomita 590. Kwa hiyo taa mbili zenye nguvu sawa, moja nyeupe ya baridi na moja ya rangi ya kaharabu (manjano inayoelekea chungwa), hazilichafui anga kwa kiasi sawa. Rangi hiyo huandikwa kwenye boksi la balbu kwa kelvini: 6500 ni nyeupe inayoelekea buluu, 3000 ni nyeupe ya joto, 2200 inakaribia rangi ya mwanga wa mshumaa. Namba ikipungua, buluu nayo imepungua.

Kwa viumbe wa usiku, kinachoumiza ni tofauti kati ya giza walilolizoea na mwanga tunaowaletea. Mwezi mpevu, ukiwa juu kabisa, haumuliki ardhi kwa zaidi ya luksi 0.3 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu). Usiku wa nyota bila mwezi ni takriban luksi 0.001. Chini ya taa ya barabarani kuna luksi 10 au zaidi. Macho yaliyoumbwa kwa ajili ya viwango vile viwili vya kwanza hayana namna ya kuuelewa huu wa tatu.

Watoto wa kasa hutoka kwenye mchanga usiku, unapopoa. Hakuna mzazi wa kuwaongoza. Wanachofuata ni upeo wa chini ulio angavu zaidi, huku wakiupa kisogo upande wenye vivuli virefu vya miti na vilima. Kwenye ufuo wa asili upeo huo ni wa bahari. Penye hoteli au barabara yenye taa, upeo angavu uko nchi kavu, na nyayo zao huonekana asubuhi zikizunguka-zunguka au zikielekea barabarani. Kaa, sisimizi na ndege huwala, jua huwakausha, magari huwaponda. Kasa jike naye huahirisha kupanda kutaga akiuona ufuo umewaka. Taa za ufukweni zinazopendekezwa kwa ajili ya kasa ni zenye mwanga wa zaidi ya nanomita 560, yaani kaharabu au nyekundu, zifungwe chini na zifunikwe ili zisionekane kutoka mchangani. Yote hayo yaende pamoja. Taa ya kaharabu iliyo wazi juu ya nguzo ya mita sita bado huwapoteza. Ukiwakuta wamekwisha potea, zima taa zilizo karibu, usiwamulike kwa tochi wala kuwapiga picha kwa mmweko, na uwaite wanaosimamia uhifadhi wa eneo hilo.

Kuhusu wadudu, tumezoea kusema wanapenda taa. Hawaipendi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia kamera za kasi kubwa, ulionyesha kwamba mdudu anayeruka huelekeza mgongo wake upande ulio angavu zaidi. Kwa mamilioni ya miaka upande huo ulikuwa anga, na mbinu hiyo ilimsaidia kujua juu ni wapi. Akipita karibu na balbu, mgongo hugeukia balbu, mwili unalala ubavu, naye anaishia kuzunguka asiweze kutoka. Akiwa juu ya taa inayomulika kuelekea mbinguni, hupinduka kichwa chini miguu juu, akaanguka. Kumbikumbi na nondo unaowakuta wamelundikana chini ya taa asubuhi ni wale waliochoka au kuliwa wakiwa katika mtego huo. Hasara inafika hadi kwenye mimea. Katika jaribio la Uswisi lililochapishwa mwaka 2017, maua yaliyowekewa taa yalitembelewa na wachavushaji wa usiku pungufu kwa asilimia 62, na mmea mmoja uliochunguzwa kwa karibu ukazaa matunda pungufu kwa asilimia 13, ingawa wachavushaji wa mchana waliendelea kuja kama kawaida.

Ndege wengi wanaohama husafiri usiku. Mjini New York, miale ya mwanga inayowashwa kila Septemba 11 kuwakumbuka waliouawa katika mashambulizi ya 2001 ilichunguzwa kwa rada kwa usiku 7 katika miaka ya 2008 hadi 2016, na ndege wapatao milioni 1.1 wakakadiriwa kuathirika: walijaa ndani ya mwale, wakizunguka na kuita. Miale ilipozimwa walitawanyika ndani ya dakika chache. Uchafuzi wa mafuta baharini huhitaji miaka kusafishwa. Huu huondoka mara tu swichi inapobonyezwa, na hilo linaufanya uzembe wetu uwe mgumu zaidi kuuelezea.

Wengine wapo wengi. Vimulimuli hutafutana kwa mmweko, na mmweko hauonekani penye taa. Popo wa aina fulani hukataa kuvuka barabara iliyomulikwa, hivyo mstari wa taa unakuwa ukuta kati yao na malisho, ilhali aina nyingine hujilia nondo palepale chini ya nguzo. Mayai ya samaki wa matumbawe aina ya klauni, katika jaribio la mwaka 2019, hayakuanguliwa hata moja yalipomulikwa usiku kucha. Giza liliporudishwa yakaanguliwa. Hata dundu anayeviringisha mpira wa mavi yumo: mwaka 2013 ilithibitishwa kwamba usiku usio na mwezi huifuata Njia Nyeupe ili aende moja kwa moja na asiurudie umati wa wenzake wanaoweza kumnyang'anya.

Tuje kwenye taa yenyewe. Zunguka jengo lako usiku ukiwa na karatasi, uandike kila taa ya nje na kazi yake. Isiyokuwa na kazi iondolewe. Hiyo ndiyo nafuu kubwa na haina gharama. Kwa zinazobaki, anza na mwelekeo. Uso wa taa utazame chini kabisa, sambamba na ardhi, na balbu iwe imezama ndani ya kofia kiasi kwamba ukisimama mbali huioni, unaona tu duara la mwanga chini. Taa kubwa za mraba za kumulikia uwanja ndizo zinazokosewa zaidi: fundi huziinua nyuzi 45 ili zifike mbali, na sehemu ya mwanga hupita juu ya kila kitu. Zikifungwa juu zaidi na kuinamishwa chini, eneo lilelile humulikwa bila kupofusha macho. Ukitengeneza kofia ya bati mwenyewe, usibane mgongo wa taa ya LED. Mapezi yale ya nyuma ni ya kutolea joto, na taa ikikosa hewa hufa mapema.

Halafu kiasi. Wati hupima umeme unaotumika, si mwanga unaotoka. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, na LED hutoa hizo kwa wati 8 au 9. Anayeitoa ile ya wati 60 akaweka LED ya wati 30 akidhani amebana matumizi, ameongeza mwanga zaidi ya mara tatu. Kwa mlango wa kawaida, lumeni 400 hadi 500 zikishuka chini vizuri zinatosha. Rangi iwe kelvini 2700 au pungufu. 3000 ndiyo mwisho. Balbu nyingi za bei ya chini huja na 6500 na boksi huiita "mwanga wa mchana", na huo ndio usiotakiwa usiku.

Muda nao una hesabu yake. Kihisi mwendo kiwashe taa kwa dakika moja hadi tatu, si kumi. Vihisi vya kawaida hufuatilia joto linalosogea, na hukamata vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja, kwa hiyo kifungwe kando ya njia. Kikiwa kinatazama barabara au matawi yanayoyumba, taa itawaka na kuzima usiku kucha, na ndipo watu hukichomoa na kuiacha taa iwake daima. Kukigeuza au kufunika sehemu ya jicho lake kwa utepe kwa kawaida humaliza tatizo.

Wanaohofia usalama wana haki ya kuuliza, na jibu liko kwenye lile jaribio la kiganja: taa kali isiyo na kofia hutengeneza vivuli vizito na hupofusha macho na kamera. Mwanga hafifu uliosambaa sawasawa chini huonyesha sura vizuri zaidi.

Sasa anga. Usiku mzuri ni ule ambao mwezi haupo: kuanzia siku chache kabla ya kuandama hadi siku tatu au nne baadaye. Ukikosa hapo, kumbuka kwamba baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, hivyo siku tano baadaye unapata saa kadhaa za giza mwanzoni mwa usiku. Subiri saa moja na nusu baada ya jua kuzama. Jicho nalo lipewe muda: seli zinazoona rangi hutulia ndani ya dakika kumi hivi, lakini seli za vijiti, zile za gizani, huhitaji dakika 20 hadi 30 kuijenga upya rodopsini, kemikali yao ya kunasa mwanga. Kioo cha simu kikiwashwa mara moja, unaanza upya. Tumia tochi nyekundu iliyofifia. Nyekundu kali huharibu vilevile. Na kitu hafifu usikikodolee moja kwa moja. Kitazame kwa pembeni kidogo, kwani katikati ya jicho hakuna vijiti.

Kipimo kizuri cha anga lako ni Kilimia, kundi linaloonekana jioni kuanzia Novemba hadi Machi hivi. Mjini kati utaona doa la ukungu, au usione kitu. Pembezoni mwa mji jicho zuri huhesabu nyota sita. Ukihesabu saba au zaidi bila darubini, uko mahali pazuri, na kati ya Juni na Agosti rudi hapohapo kuitafuta Njia Nyeupe upande wa kundi la Mshale (Sagittarius), ambako ni pana na angavu zaidi. Darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 (inakuza mara 7 au 10, lenzi za mbele zikiwa na upana wa milimita 50) inatosha kabisa kuanzia.

Hesabu nyota za Kilimia mara mbili usiku uleule: kwanza taa zako za nje zikiwaka, kisha zikiwa zimezimwa kwa nusu saa. Andika tarehe, saa, hali ya mawingu na umri wa mwezi kando ya namba zote mbili.