Mvua kubwa Dar: mambo tunayodanganyana barabarani

"Gari yangu iko juu, hapa napita tu." Hii ndo inayonitisha kuliko zote, na Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani utaisikia sana. Jamani, maji ya sentimita 30 tu, hata goti hayajafika, yanaweza kuinua gari ndogo, na yakifika sentimita 60 alafu yanakimbia yanabeba mpaka hizo gari kubwa za juu, sababu maji yanakunyanyua kwanza, tairi zinakosa mshiko, then yanakusukuma ubavuni na usukani unakuwa hauna kazi tena. Na chini huoni kitu, lami inaweza kuwa imeshaliwa, chemba haina mfuniko, mtaro unaanzia wapi hujui.

Kuna wale wa "mbona daladala imepita sasa hivi", hiyo sio kipimo, kwanza ile ni nzito na iko juu kuliko yako, pili Msimbazi unashusha maji ya huko vilima vya Pugu na Kisarawe kwahiyo mjini mvua inaweza kuwa imekata kabisa na maji bado yanapanda. Geuza gari, hata kama foleni ya kuzunguka ni ya masaa.

Ikizima katikati ya maji watu watakupigia kelele "piga stata, piga stata!" Usipige. Kama maji yameingia kwenye silinda, pistoni haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa, ukilazimisha konrodi (kile chuma kinachoshika pistoni) inapinda na hapo unaongelea injini nyingine. Acha ivutwe, fundi afungue plagi aangalie kwanza. Ila kama maji yanapanda sahau gari, shusha kioo mapema kabla umeme haujakufa, mtoke wote.

Hazadi nazo, zile indiketa za pande zote mbili zinazowaka kwa pamoja. Mvua ikikaza kidogo Bagamoyo Road nzima inawaka hazadi huku watu wanatembea, eti ndo usalama, wakati gari nyingi ukiwasha hazadi indiketa haionekani tena, sasa wa nyuma atajuaje unahama leni? Washa taa za kawaida tu, sio fulu, fulu inagonga matone inakurudia mwenyewe machoni. Hazadi ni ya gari iliyosimama vibaya.

Kupunguza upepo wa tairi ili "zishike" ni uongo pia, tairi yenye upepo mdogo ndo inapanda juu ya maji kirahisi zaidi, na kipara ndo usiseme, ile mistari kazi yake ni kutoa maji chini ya tairi. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla ujue tairi zimepanda juu ya maji, toa mguu kwenye mafuta taratibu, usikanyage breki kwa nguvu, shikilia usukani ulivyo mpaka tairi zishike tena.

Na manyunyu ya kwanza baada ya jua la wiki nzima msiyadharau, oili na vumbi vya barabarani vinachanganyika vinakuwa utelezi mtupu, bodaboda wanalijua hili vizuri sana. Vioo vikifanya ukungu washa AC hata kama baridi inakuuma, inakausha hewa ya ndani, sio kufuta na kitambaa huku unaendesha.