Makala yako yakishafika kwa mhariri

Swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi wa uzamivu hapa Nairobi ni hili: nilituma makala miezi minne iliyopita, mbona kimya? Nyuma ya swali hilo kuna presha ya kweli. Vyuo vyetu, kwa kufuata miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, vinamtaka mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha katika jarida lenye wahakiki kabla hajahitimu. Karo inazidi kupanda, msimamizi ana shughuli zake, na kwenye barua pepe kuna jarida linaloahidi kukuchapishia kazi ndani ya siku tatu. Mimi ni mhariri mtendaji wa jarida la sayansi ya jamii. Nataka nieleze makala hupitia wapi, na hasa nieleze jambo ambalo hata wahadhiri wengi hulielewa vibaya: uhakiki wa wataalamu wenza, yaani kazi yako kusomwa na wasomi wengine wa fani hiyo kabla haijachapishwa, haukuundwa ili kukamata waongo.

Makala yakiingia, msomaji wa kwanza ni mimi. Naangalia kama mada inalihusu jarida letu na kama kuna hoja, maana tasnifu iliyokatwa sura moja na kutumwa ilivyo bado si makala. Ikiwa mwandishi amehoji watu, natafuta nambari ya leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, na kibali cha kamati ya maadili. Wengi huona hayo ni makaratasi tu. Hebu fikiria umeenda mtaa wa mabanda wa Mukuru kumhoji mama kuhusu kipigo anachopata nyumbani, kisha ukachapisha maneno yake pamoja na jina la kijiji, kazi anayofanya na idadi ya watoto wake. Majirani watamjua, na mumewe atamjua. Kamati ya maadili ipo ili mtu akuulize kuhusu hilo kabla hujabisha hodi kwake. Ndiyo maana kibali hutafutwa kabla ya data kukusanywa, na jarida likikuambia halikihitaji, ujue halimjali yule mama.

Kisha makala hupitishwa kwenye programu ya kulinganisha maandishi. Hapa wanafunzi wanahangaishwa bure na asilimia. Asilimia 25 iliyotokana na marejeleo, majina ya taasisi na maelezo ya kawaida ya mbinu hainisumbui hata kidogo. Asilimia 6 ikiwa ni aya mbili nzima za mjadala zilizonyofolewa kwa mtu mwingine, huo ni wizi. Programu inahesabu maneno yanayofanana, lakini kuamua kama mtu ameiba ni kazi ya binadamu anayesoma. Wale wanaolipa watu kule mjini wawapunguzie asilimia kwa kubadilisha neno moja moja huishia kuniletea sentensi ambazo hakuna msomi wa fani hiyo angeziandika, na hizo zinaonekana upesi kuliko wizi wenyewe.

Baada ya hapo ndipo kimya kinapoanza. Natafuta wahakiki, kwa kawaida wawili, na hakuna anayelipwa. Mtu ninayemhitaji ni mhadhiri mwenye mrundo wa mitihani ya kusahihisha na madarasa ya jioni katikati ya jiji. Naandikia wengi ili nipate wawili, na mmoja kati ya hao wawili hukubali kisha akapotea. Miezi yako minne mara nyingi imeishia hapo. Hujasahauliwa wala hujafanyiwa njama. Una haki ya kuuliza kwa adabu makala yamefikia hatua gani, na jarida lina wajibu wa kukujibu.

Jarida letu huficha majina pande zote mbili. Mwandishi hamjui mhakiki na mhakiki hamjui mwandishi. Yapo yanayofanya kinyume kabisa: jarida la tiba la BMJ la Uingereza limekuwa likiwatajia waandishi majina ya wahakiki tangu 1999. Mimi naamini kuficha kunawasaidia vijana, ila nisiwadanganye kwamba kunatosha. Nyanja zetu ni ndogo. Mtu akiandika kuhusu Sheng ya Eastlands, nusu ya wanaoweza kumhakiki wanamjua kwa mtindo wake wa kuandika, na nusu nyingine walimfundisha. Kwa hiyo mhariri lazima ajue nani alimsimamia nani, nani waliomba ufadhili mmoja wakapishana, nani hawasalimiani. Ninapomwandikia mhakiki namwomba aniambie kama kuna mgongano wa maslahi, na anayesema ndio namheshimu zaidi.

Sasa tufike kwenye uhakiki wenyewe, na nitaeleza ripoti moja, mada nikiwa nimeibadilisha ili mwandishi asitambulike. Makala yalihusu wauza maji katika mtaa mmoja wa mabanda. Yaliandikwa vizuri, na nilipoyasoma niliyapenda. Mhakiki wa pili aliandika hivi: ukurasa wa 5 unasema wahojiwa ni 60, lakini safu za jedwali la tatu zikijumlishwa zinafika 74, hao 14 wametoka wapi? Mwandishi akarudi kwenye daftari zake. Kumbe wauzaji 14 walihojiwa mara mbili, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, naye alikuwa amewahesabu kama watu tofauti. Alipowatenganisha, tokeo moja kati ya matatu makuu halikusimama tena, na badala yake likajitokeza jambo jipya kuhusu bei za kiangazi ambalo yeye mwenyewe hakuwa ameliona. Makala yalitoka bora zaidi kuliko yalivyoingia.

Hiyo ndiyo kazi ambayo uhakiki unaiweza. Hata Einstein aliwahi kukutana nayo. Mwaka 1936 yeye na Nathan Rosen walituma kwa jarida la Physical Review makala yaliyodai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri akampelekea mhakiki, mhakiki akaona kasoro katika hesabu. Einstein alikasirika kwamba kazi yake imeonyeshwa mtu mwingine kabla ya kuchapwa, akaiondoa. Alipokuja kuichapisha katika jarida jingine, hitimisho lilikuwa limebadilika.

Lakini angalia vizuri kilichofanyika katika visa vyote viwili. Mhakiki aliamini kwamba anachosoma kimeandikwa kwa nia njema, akapima kama hoja inashikamana. Hakwenda mtaani kuhesabu wauza maji. Mtu akiketi nyumbani akabuni wahojiwa 60 na jedwali likajumlika sawasawa, mhakiki huyo huyo makini atampitisha.

Ushahidi mkubwa tuliupata mwaka 2020. Tarehe 22 Mei, jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliodai kuchambua rekodi za wagonjwa wa korona zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671 katika mabara sita, ukisema kwamba dawa ya malaria ya hydroxychloroquine inahusishwa na vifo zaidi. Ndani ya siku chache Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yake iliyohusu dawa hiyo. Data zote zilitoka kwa kampuni moja ndogo ya Marekani, Surgisphere, na wahakiki hawakuziona. Waliogutuka ni wasomaji. Vifo vilivyohesabiwa Australia vilizidi vile nchi yenyewe ilivyokuwa imerekodi. Na kuhusu bara letu, takwimu zilimaanisha kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa korona Afrika walikuwa katika hospitali zilizounganishwa na kampuni hiyo, zenye rekodi kamili za kompyuta kwa kila mgonjwa. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya faili katika hospitali ya umma huku kwetu angeuliza ni hospitali gani hizo. Tarehe 4 Juni, kampuni ilipokataa kutoa data zikaguliwe, waandishi watatu kati ya wanne walibatilisha makala hayo.

Kwa hiyo kinga dhidi ya uongo iko nje ya ripoti za wahakiki. Iko katika kuhifadhi data mahali ambapo mwingine anaweza kuzikagua, katika vibali, katika kutangaza nani aliyefadhili utafiti, na zaidi ya yote katika mhariri aliye tayari kusema hadharani kwamba alichokichapisha hakiaminiki. Tangu 1997 wahariri wana Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, iliyoanzia Uingereza, ambayo imeweka hatua za kufuata tuhuma zinapotokea: mwulize kwanza mwandishi, kisha chuo chake, chunguza, kisha amua. Makala yakibatilishwa hayafutwi. Yanabaki palepale yakiwa na alama inayosema yamebatilishwa na kwa sababu gani, ili aliyeyanukuu ajue. Nisichoweza kukitetea ni ucheleweshaji. Makala ya daktari Andrew Wakefield wa Uingereza yaliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, kwa kutumia watoto 12 tu, yalitoka katika Lancet mwaka 1998. Yalibatilishwa kikamilifu mwaka 2010, na kwa miaka hiyo 12 kuna wazazi waliokataa kuchanja watoto wao kwa sababu yake.

Uhakiki wenyewe pia huibwa. Majarida mengi humruhusu mwandishi kupendekeza wahakiki. Mwaka 2014 kampuni ya uchapishaji ya SAGE ilibatilisha makala 60 ya jarida lake moja baada ya kugundua mtandao wa anwani bandia za barua pepe zilizotumika kuhakiki kazi za watu wale wale. Mwaka 2023 kampuni nyingine ya uchapishaji, Wiley, ilibatilisha makala zaidi ya 8,000 katika majarida yake ya Hindawi, mengi yakiwa yametengenezwa na viwanda vya kuuza makala. Ndiyo sababu ukinipendekezea profesa mwenye anwani ya Gmail, naenda kwenye tovuti ya chuo chake kutafuta anwani yake ya kazini, na naandika huko.

Kisha kuna majarida ambayo hayahakiki chochote. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon, kwa niaba ya jarida la Science, alituma makala bandia yenye makosa ya wazi kwa majarida 304 yanayotoza ada, 157 yaliyakubali. Waandishi aliowabuni aliwapa majina na vyuo vya kubuni vya Kiafrika. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu miongoni mwa wateja wa majarida hayo wamo wasomi wetu, na fedha zinazoliwa ni mishahara yetu na mikopo ya sacco.

Utayatambuaje? Ukiombwa ada kabla hujapata ripoti ya mhakiki, simama. Ukitumiwa nambari ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi, ondoka. Kuwa na ISSN si ushahidi wa ubora, ni nambari ya utambulisho tu, na jarida lolote linaweza kuiomba. Tafuta jarida lako katika DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure, au AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kisha fanya ambalo wachache hulifanya: chagua jina moja kwenye bodi ya wahariri, mwandikie kupitia chuo chake, umwulize kama kweli anahudumu pale. Wapo wanaoshtuka kusikia wamo. Hata hivyo ada peke yake si dhambi, maana majarida mazuri ya kusomwa bure huitoza pia, na mengi huipunguza au kuifuta kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo ukiomba wakati wa kutuma.

Kuhusu majina ya waandishi nitasema bila kuzunguka. Kusimamia tasnifu hakumpi mtu haki ya kuwa mwandishi, na kuwa mkuu wa idara hakumpi vilevile. Mwongozo wa wahariri wa majarida ya tiba, ambao hata sisi wa fani nyingine tunautumia, unadai mambo manne kwa pamoja: umechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti, kupata data au kuzichambua, umeandika au kurekebisha kwa kina, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika kwa kazi yote. Andikeni makubaliano ya majina na mpangilio wake kabla ya kuanza. Najua si rahisi kumwambia hivyo mtu atakayetia sahihi tasnifu yako. Mpelekee mwongozo wa jarida wenyewe, useme mhariri anataka kila mtu ajaze fomu ya mchango wake. Ni kweli, tunaitaka. Akili bandia nayo haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika. COPE ilitamka hivyo mwaka 2023. Na mhakiki asiingize makala yako ambayo hayajachapishwa kwenye programu za akili bandia, kwani amekabidhiwa kwa siri.

Ripoti ikikufikia, usiijibu siku hiyo. Siku nyingine nakili kila hoja ya mhakiki, na chini yake andika ulichobadilisha na katika ukurasa gani. Usipokubaliana naye, sema hivyo na utoe sababu. Nimewahi kuamua dhidi ya mhakiki mara nyingi kwa sababu jibu la mwandishi lilikuwa na nguvu zaidi. Ukikataliwa, ndipo upeleke kwingine, kamwe si kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Na ukiona ripoti imekutukana badala ya kuhakiki kazi, au inakulazimisha unukuu makala matano ya mtu mmoja ambayo hayahusiki, mwandikie mhariri moja kwa moja umwonyeshe mistari yenyewe. Mhariri anaweza kutafuta mhakiki mwingine, na kwa malalamiko ya namna hiyo sisi hufanya hivyo.