Dodoso la ugoko linapohamia Kituruki: yanayosemwa na yalivyo

Kuna dodoso fupi la Waholanzi, la mwaka 2016, lenye maswali manne kwa mwanariadha anayeumwa ugoko, yaani ukingo wa ndani wa mfupa ulio kati ya goti na kifundo cha mguu: michezo yake imepungua kiasi gani, na maumivu yakoje akicheza, akiwa kwenye shughuli za kila siku, na akiwa amepumzika. Alama ni 0 hadi 10. Kwa ufupi huo, mtu huona kulipeleka Kituruki ni kazi ya jioni moja.

"Mpe anayejua lugha zote mbili, yatosha."
Haitoshi. Utaratibu wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000, ambao wengi huufuata, unataka watafsiri wawili, kila mtu kivyake, mmoja wao asiwe mtu wa tiba. Nakala zao huunganishwa kuwa moja, wengine wawili huirudisha kwenye lugha ya kwanza bila kuona dodoso la asili, kamati inakaa, kisha watu 30 hadi 40 wanajaribishiwa. Chukua neno "maumivu" tu. Kituruki kina *ağrı*, *acı* na *sızı*. *Ağrı* ndilo la hospitali. *Acı* ni la kuchoma, na hata pilipili ni *acı*. *Sızı* ni yale ya chini chini yasiyokoma. Mkimbiaji ambaye ugoko humvutavuta usiku, ukimuuliza kuhusu *acı* anaweza kujibu hapana, wala hadanganyi. Jina la mahali penyewe halisumbui: mfupa wa ugoko Waturuki wanauita *kaval kemiği*, mfupa wa filimbi ya mchungaji. Sisi ndio tungetaabika, maana mguu wetu huanzia nyongani hadi vidoleni, wao wana *bacak* na *ayak*.

"Tafsiri ikirudi sawa, imefaulu."
Tafsiri ya neno kwa neno hurudi salama salimini hata kama Kituruki chake kinachekesha. Anayeibaini ni mchezaji anayesoma swali mara mbili, kisha anakuinulia macho.

"Majibu yakifanana mara mbili, linaaminika."
Yamefanana baada ya muda gani? Mrudishie fomu jioni ileile, atakumbuka alichoandika. Mrudishie baada ya miezi miwili, ugoko umeshapona. Wengi hungoja wiki moja au mbili. Halafu kuna mtego wa hesabu. Wachezaji watatu wanapata 2, 4 na 6; wiki inayofuata wanapata 4, 6 na 8. Uwiano wa kawaida (korelesheni), unaoangalia tu kama alama hupanda na kushuka pamoja, utakupa 1 kamili, na kila mmoja kapanda alama mbili nzima! Ndiyo sababu hutumika ICC, kipimo cha jinsi alama za mara mbili zinavyokubaliana, ile aina inayodai alama zenyewe zilingane. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali ya dodoso yanavyokwenda pamoja, ambayo watu hupenda kuitangaza kwanza, mimi huisoma mwishoni: hupanda hata kwa kuongeza maswali tu, na hapa yapo manne.

"Alama kubwa ndiyo ugonjwa wenyewe."
Dodoso hupima ukali. Kutambua ni kazi ya kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa. Maumivu yakienea sentimita 5 au zaidi, huenda ni ugonjwa huu. Yakikaa mahali padogo panapofunikwa na ncha ya kidole, hofu ni ufa kwenye mfupa: weka fomu pembeni, apumzishwe, apigwe picha.